Dhambi ya Mama Iliimba Alto

Niseme wazi tangu mwanzo: mimi nilikuwa ndani ya kile chuo kabla sijaandikishwa. Mara ya kwanza nilikuwa ndani ya tumbo la mama yangu, na tulitolewa wote wawili siku moja. Mara ya pili nilikuja kwa miguu yangu mwenyewe, sketi chini ya magoti, diplome mukononi na kinyongo kidogo rohoni. Dada wa ofisi ya kuandikisha akaniuliza kama chuo ninakifahamu. Nikamujibu, kidogo tu.

Jina la chuo sitaji. Bukavu ni muji wa kujuana. Ukitaja jina asubuhi, kabla sombe, mboga ya majani ya mihogo, haijaiva shangazi ya mutu fulani amekwisha fika mulangoni kwenu kuuliza ulikuwa na maana gani. Ni chuo cha binafsi, cha Wakristo waliookoka, na kimepanda juu ya kilima kimoja cha matope mekundu. Ukifika juu unahema kwanza. Kisha unaona kanisa ya mabati ya buluu, auditoires za matofali tunamosomea, bustani ya kabichi, na chini yako ziwa Kivu lote limelala, ziwa lenye wanafunzi hawaruhusiwi kuogelea kwa sababu ya mambo ya nguo.

Wazungu walioanzisha chuo, Mungu awabariki pale walipo, walikuwa na wazo moja kichwani: mutu asisome kitu kimoja tu, asije akawa kama jembe, linalojua kulima na halijui kingine. Basi sisi wote tulisoma kila kitu. Anayesoma uchumi alisoma Agano la Kale. Anayesoma théologie alisoma hesabu, na alilia. Wote pamoja tulisoma falsafa, muziki, historia, kilimo kidogo, na somo moja la adabu ambamo tulifundishwa jinsi Mukristo anavyoshika uma. Mimi uma nilikuwa ninaushika tangu zamani, lakini nilipata pointi ndogo juu nilicheka.

Professeur wa biologie alikuwa anatoka Lwiro, kule kwenye kituo cha utafiti, na kila wiki alifika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Siku ya somo la asili ya viumbe alifunga mulango, akafunga na madirisha. Akaomba. Kisha akasema: "Wapendwa, Mungu njo aliumba vyote, tumeelewana? Bon. Sasa mushike kalamu, programme ya wizara iko nasema mambo ingine." Akaandika ubao mzima bila kugeuka nyuma hata mara moja, na alipomaliza akafuta haraka haraka. Ile somo njo niliielewa kuliko zote.

Wanafunzi walitoka kila upande. Kulikuwa sisi wa Muhumba, hapa mujini, watoto wa maofisi na ma-ONG, yale mashirika ya misaada, wenye kujifanya tunajua. Kulikuwa wale wa Kamanyola, waliozoea joto la uwandani, walioketi darasani na makoti mawili wakilalamikia baridi yetu. Na kulikuwa wachungaji vijana wa Mwenga na Shabunda, wengine walichimba dhahabu kabla ya kuokoka, na walijua Biblia kwa kichwa. Kwa maombi walituacha mbali. Kwa mupira pia walituacha mbali, na pale hawakutumia upendo wa ndugu.

Kila asubuhi, kabla ya somo lolote, culte. Ibada ni ya lazima. Unaweza kukosa mutihani ukiwa na malaria, lakini kukosa culte, hata maiti ingeomba ruhusa. Aliyeiongoza ni muchungaji wa chuo, tuliyemuita papa aumônier, kijana bado, mwenye koti iliyomuzidi mabega. Umeme ukikatika katikati ya somo, waliitwa yeye na fundi wa groupe, ile mashine ya umeme. Yeye aliomba, fundi alivuta kamba. Mwanga ukirudi tulimushukuru Yesu, na fundi alikuwa anapangusa mikono yake tu.

Makatazo yalikuwa mengi: pombe, dansi, suruali kwa wasichana, hereni zinazoning'inia. Lakini katazo lililouma watu wa Bukavu kweli kweli ni lile la poudre. Kwetu mutu akifaulu anamwagiwa poudre ya watoto kichwani, nyeupe, mpaka anafanana na mutu aliyeangukia ndani ya gunia la unga. Asiporudi nyumbani mweupe, majirani wanajua amefeli, na wanakuja kumupa pole. Chuo kilisema poudre ni mambo ya dunia. Familia zilisimama pale nje ya geti, na makopo ndani ya mifuko, zikingoja mutu wao atoke.

Sasa nieleze juu ya mama.

Mama alisoma kilimo kwenye kile chuo, zamani, katika ule mufumo wa masomo tunaouita ancien système. Alikuwa mwaka wa mwisho. Kitabu chake cha mwisho, mémoire, kilikuwa kimekwisha kuandikwa, kuhusu ugonjwa wa mihogo katika uwanda wa Ruzizi. Kilibaki kitu kimoja: kusimama mbele ya jury na kukitetea. Alikuwa pia anaimba kwenye chorale ya chuo, sauti ya alto. Na nyuma ya alto, munajua chorale zinavyopangwa, wanasimama bass, wanaume wa sauti nzito.

Juu ya yule bass sitasema mengi. Alikuwa na sauti nzuri, na nimeambiwa ni hiyo tu. Mimba ilipoonekana, comité ya nidhamu iliketi, ikaomba, ikakata shauri. Bass aliwekewa mikono kichwani, akaombewa, akamaliza masomo, na leo ni muchungaji kule Ulaya, anafundisha semina za ndoa kwa internet. Mama aliwekwa discipline.

Discipline, kwa asiyejua, ni hivi. Unaketi benchi ya nyuma. Meza ya Bwana hauikaribii, chorale hauimbi, na kwa mwanafunzi, mbele ya jury hausimami. Unabaki vile mpaka siku utakaposimama mbele ya kanisa yote na kujibu maulizo ya aumônier. Ukijibu vizuri, chorale inaimba wimbo wa kondoo aliyerudi, na wimbo ukianza watu wote wanasimama, wanapanga mustari, wanakuja kukupa mukono mumoja mumoja. Mukono ule njo unafunga habari. Ukishapewa mukono na kanisa, umerudi.

Mama hakungoja siku hiyo. Alitoka na aibu yake na mukoba wake, akanizalia kwa dada yake hapa Muhumba, akapata kazi kwenye ONG ya wakulima. Miaka yote alishuka Kamanyola kufundisha watu mambo yale yale yaliyo ndani ya mémoire yake, na mémoire yenyewe imelala ndani ya valizi, sanduku lake la nguo, chini ya kitanda. Hakuwahi kunificha kitu. Nilipouliza papa yangu ni nani, aliniambia: "Ni bass. Uwe mwangalifu na bass."

Mimi mwenyewe niliingia chuoni juu ya ukaidi, sina la kuficha. Na nilipoulizwa ninaimba sauti gani, nikasema alto, bila kufikiri.

Basi siku moja wakatangaza kwenye culte: ancien système unafungwa. Kila mutu wa zamani mwenye mémoire isiyotetewa, aitetee session hii, baada ya hapo hakuna tena. Nilishuka kilima nikikimbia. Mama alikuwa anachagua maharagi kwenye sahani. Nikamuambia. Akaendelea kuchagua, akatupa jiwe moja, akatupa jiwe lingine.

"Ile valizi," akasema, "iko wapi kwanza?"

Valizi alijua iko wapi kuliko mimi. Lakini nilienda kuivuta, nikapangusa vumbi, nikaweka mbele yake, na mama akasukuma maharagi kando, akaifungua kabla sijaondoa mukono. Nilikuwa sijawahi kuona mama anaacha kazi katikati. Pale njo nilielewa kwamba miaka yote hii alikuwa anataka kile kitu sana, na alinyamaza tu.

Alipanda chuoni na kitenge chake kizuri. Professeur muzee aliyemuongoza zamani alikuwa bado anafundisha, nywele zimekuwa nyeupe zote. Alimukumbatia mlangoni mwa ofisi, mbele ya wanafunzi, akasema: "Maman wa mihogo! Nilikuwa nakungojea." Jury ikapangwa, tarehe ikatolewa. Mama mukubwa, dada yake mama, akaenda sokoni siku ile ile kununua poudre. Yeye ni Mukatoliki, mambo yetu yanamuchekesha.

Kisha papa aumônier akamuita mama. Akamuambia kwa heshima kubwa, anatazama viatu vyake: "Maman, pole. Discipline yako haikuondolewa."

Eh Mungu wangu! Mimi nilikuwa nimekwisha kuwa mwanamuke muzima, na kwa macho ya chuo mama yangu alikuwa bado ameketi benchi ya nyuma. Nilitaka sana yule aumônier awe mutu mubaya. Ingenisaidia. Lakini hakuwa mubaya. Alikuwa ananifundisha Agano la Kale, aliazima watu vitabu vyake, na siku mumoja wa wale vijana wa Shabunda alifiwa, alitembea naye mpaka kituo cha magari akimubebea begi. Alisema tu kanuni ni kanuni, hakuiandika yeye. Mama asimame kwenye culte ya alhamisi, ajibu maulizo, aimbiwe, apewe mukono, ijumaa atetee. Asipojibu, jury haiketi, na ancien système unafungwa.

"Na maulizo yenyewe?" mama akauliza.

Yalikuwa matatu. La kwanza: unakiri kwamba ulianguka? La pili: unajuta ile mimba? La tatu: unaahidi kutembea vizuri? Lile la pili lilitungwa kwa wasichana peke yao, juu wavulana, kama munavyojua, hawabebi.

Nyumbani tuligombana. Yaani niligombana mimi; mama alikuwa anatwanga sombe. Nikasema ni aibu, nikasema waende wamuite yule bass kule Ulaya ajibu swali la pili, nikasema nitaacha chuo, nitaenda kusoma kwa Wakatoliki. Mama mukubwa akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kuja tu, maman," akaniambia. "Kwetu unapeleka dhambi kwa padri, anasikia, anasahau, unarudi kula. Benchi ya nyuma wanaketi wenye wamechelewa."

"Ni maneno tu," mama akasema. "Nitasema ndiyo mara tatu, nitatetea mémoire yangu. Munifanyie kelele baadaye."

Akaanza kujizoeza pale pale, kwa mapigo ya mutwangio. "Ninakiri." Pwaa. "Ninajuta." Pwaa. Halafu mutwangio ukasimama hewani. Aliniangalia, mimi nimeketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, nimevimbisha mudomo kwa hasira. Akaangalia tena ndani ya kinu.

Nikaona haya ya hasira yangu. "Maman, sema tu," nikamuambia. "Mimi ninajua wewe hunijuti. Ni swali la watu wale. Jibu, upate chako."

"Ndiyo," akasema. "Nitajibu."

Siku iliyofuata papa aumônier alinivuta kando, karibu na kabichi. Alikohoa, akaangalia ziwa, akaniambia kwamba alhamisi ninaweza kukosa culte, ataelewa. Jamani! Katika historia yote ya kile chuo hakuna mutu aliyewahi kupewa ruhusa ya kukosa culte, nikawa mimi, juu ni mimi njo dhambi yenyewe. Nikamujibu: "Aksanti, papa aumônier, lakini alto tuko wachache."

Alhamisi kanisa ilijaa. Habari za aina ile hazihitaji tangazo. Recteur, mukubwa wa chuo, alikuwa mustari wa mbele pamoja na maprofesseur, na yule muzee wa mihogo katikati yao, na tai aliyoivaa sijui tangu lini. Mama aliketi benchi ya nyuma kabisa, mahali pake pa zamani, kando ya mama mukubwa aliyeshika rozari ndani ya ngumi na sacoche kubwa, mufuko wa kubebea Biblia, mapajani. Yeye Biblia hana. Ndani ya sacoche ilikuwa poudre, amekuja nayo siku moja mapema juu hakuweza kuvumilia.

Chorale yetu inasimama mbele, upande wa mimbari, tunaangaliana na watu. Maana yake ni kwamba mutu anayetubu anasimama mbele ya aumônier, na nyuma ya aumônier, juu kidogo ya bega lake, anaona alto.

Mama akaitwa. Alitembea katikati ya benchi zote, polepole, na viatu vyake vililia kwenye sementi. Akafika. Papa aumônier akafungua kijitabu cha utaratibu, koti limemuteremukia mabega. Nilimuonea huruma hata yeye, jasho lilikuwa linamutoka na kulikuwa baridi.

"Maman, unakiri kwamba ulianguka?"

"Ninakiri," mama akasema. Na akaongeza, bila kuombwa, kwamba anaomba musamaha kwa uongo aliomuambia baba yake, na kwa kumuamini mutu kwa sababu ya sauti. Mahali fulani nyuma mutu alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Unajuta ile mimba?"

Mama akafungua mudomo. Akaniangalia. Mimi nikamufanyia ishara kwa kichwa: ndiyo, sema ndiyo. Nilikuwa ninataka aseme kwa roho yangu yote, ninaapa. Nilikuwa ninaona ile valizi, na maharagi yaliyosukumwa kando, na jury ya kesho. Sema, maman, sema tuende.

Mama akafunga mudomo.

Papa aumônier akangoja, kisha akainama kidogo, akamunong'oneza, lakini mikro ilikuwa wazi na kanisa yote ilisikia: "Maman, jibu ni ndiyo."

"Ninajua jibu, pasta," mama akasema. "Nimejizoeza. Lakini eko pale ananiangalia. Huyu hapana. Vyote vingine ninajuta, munipe hata maulizo kumi. Huyu hapana. Kama diplome inaomba hii, mubaki nayo."

Akageuka. Akaanza kurudi kwenye benchi ya nyuma, viatu vinalia tena kwenye sementi. Papa aumônier alishika kijitabu wazi, macho yanaruka ukurasa hadi ukurasa, anatafuta kama wazee wa zamani waliandika lolote juu ya hali ya aina hii. Hawakuandika.

Nilikasirika. Haikuwa hasira peke yake. Nilikuwa ninampenda yule mwanamuke, na nilikuwa ninaona mugongo wake unaenda, unaenda kuketi tena mahali walipomuacha.

Nikaanza kuimba. Wimbo wa kondoo aliyerudi, alto, peke yangu.

Sijui kama mumewahi kusikia alto peke yake. Haieleweki. Wimbo wenyewe unashikwa na soprano. Sisi tuko pale chini, tunabaki kwenye noti moja, moja, moja, tunapanda pale mutu hatarajii. Ndani ya kanisa tulivu ilionekana ni wazimu. Wenzangu wakageuka kuniangalia. Lakini maître de chœur wetu, kiongozi wa waimbaji, kijana wa théologie, alikuwa amekodoa macho kwenye dari kwa aibu, na aliposikia noti mikono yake ilipanda yenyewe. Ni mazoea. Mikono ikipanda, soprano wanaingia. Soprano wakiingia, tenor hawezi kubaki nyuma. Bass wakaingia mwisho, kama kawaida yao. Ghafula ile haikuwa tena alto mumoja mwenye wazimu, ulikuwa wimbo, mabati yanatetemeka.

Na wimbo ule ukianza, watu wanasimama. Wamefanya vile tangu utoto, hawaulizi. Yule professeur muzee wa mihogo njo alisimama wa kwanza. Mpaka leo sijui kama alifikiri ama ni miguu tu. Akajishika kwenye benchi, akatoka kwenye mustari, akatembea mpaka nyuma kabisa, akamupa mama mukono. Mama alikuwa bado hajaketi. Akaupokea, juu utamukatalia muzee mukono namna gani? Muzee akisimama, professeur gani atabaki ameketi? Wakasimama wote. Recteur akasimama, akiangalia kushoto na kulia, akafuata mustari. Wachungaji wa Mwenga wakasimama wakipiga makofi, wa Kamanyola na makoti yao, wa Muhumba na simu zao. Mustari ukazunguka kanisa. Mama mukubwa, Mukatoliki, akatoa mukono pia, mara mbili.

Papa aumônier alibaki mbele, peke yake, anasema ndani ya mikro: "Wapendwa... wapendwa, bado..." Bass walimufunika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliwashukuru bass.

Comité ya nidhamu iliketi muchana wote. Tulingoja nje, karibu na kabichi, mama anang'oa magugu kwenye bustani isiyo yake. Kupitia dirishani tulisikia kila kitu. Wengine walisema haihesabiki, maman hakusema ndiyo. Wengine walisema lakini mukono umetolewa, na kutoa mukono kuna utaratibu, kurudisha mukono hakuna. Mumoja akapendekeza watangaze mikono ile ilikuwa ya kusalimia tu. Kisha sauti ya recteur, imechoka: "Mimi mwenyewe nilimupa. Munataka niende nimuambie nini?" Wakaomba, maombi marefu sana, na papa aumônier akatoka kutuambia jury itaketi.

Ijumaa mama alitetea. Siwezi kuwaeleza vizuri, nililia mwanzo mpaka mwisho na nilielewa kidogo. Ninakumbuka tu kwamba waliuliza juu ya majani, akajibu; wakauliza juu ya mbegu, akajibu; na alipojibu sauti yake haikuwa ile ya nyumbani. Alisimama wima. Walipotangaza amefaulu na distinction, professeur muzee alivua miwani, akaisafisha na ile tai.

Ndani ya chuo hatukupiga kelele. Tulishuka kwa adabu mpaka geti, tukavuka mutaro, tukawa nje. Pale mama mukubwa akafungua sacoche ya Biblia.

Yoo! Kopo la kwanza lilienda lote kichwani. La pili lilienda shingoni. Mama alikohoa, akacheka, akapiga kelele ile ya furaha ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia kinywani mwake, akanivuta kwenye kifua chake, na mimi pia nikawa mweupe, nyusi, midomo, sweta yangu ya chorale. Watu wa pikipiki walipiga honi. Wanawake waliokuwa wanauza ndizi barabarani wakauliza nani amefaulu kati yetu, juu hawakuweza kutofautisha.

Papa aumônier akatokea getini, anarudi kwake kwa miguu. Aliangalia poudre, aliangalia makopo, aliangalia Biblia ambayo haikuwa Biblia. Akavuka mutaro. Akamupa mama mukono, na muguso wa kwanza ukamuachia alama nyeupe kwenye mukono wa lile koti kubwa. "Félicitations, maman," akasema. Kisha akanikaribia mimi, akapunguza sauti.

"Mupendwa. Jana, kwenye chorale. Ulikosea, ama ulifanya makusudi?"

Nilimuangalia. Nyuma yake mama alikuwa anapangusa macho, mweupe mzima, anacheka na wauza ndizi.

"Nilikosea, papa aumônier," nikamujibu.

Akaitika kwa kichwa, polepole, akapiga piga koti lake kuondoa unga, akateremuka na kilima.

Chuo chote kilikuwa kinaniita dhambi kabla sijatenda yoyote. Hii njo ya kwanza niliyoitenda mimi mwenyewe: nilimudanganya muchungaji, macho kwa macho, muchana kweupe. Na mimi pia siijuti.